Liboke kwa Bei ya Mgeni

Samaki wa kwanza niliyemla Kisangani nilimlipia faranga arobaini. Fundi cherehani aliyeketi kando yangu kwenye benchi, aliyekula samaki wa ukubwa uleule kutoka kwenye makaa yaleyale, alilipa kumi na tano. Mbele yetu, kwenye meza pekee iliyokuwa na kitambaa, walikaa Mzungu mmoja na mkewe. Walikuwa wameshuka kwenye meli asubuhi ile, kamera shingoni, kuja kutazama wavuvi na mitego yao mikubwa kwenye maporomoko. Wao pia walilipa arobaini kila mmoja. Nilipoona nimewekwa fungu moja na watalii, nilikasirika.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na uhuru ulikuwa na mwaka mmoja. Nilitoka Bukavu kwa lori, siku tano za matope kupitia Lubutu, kwa sababu kampuni ya umeme ilikuwa ikitafuta vijana wa kushika nafasi walizoziacha Wabelgiji. Kazi yangu ilikuwa kusoma mita: kupita nyumba kwa nyumba na daftari, kuandika namba, kuaga na kuondoka. Nilivaa shati jeupe na tai, na viatu vyangu vyeusi nilivipiga rangi kila asubuhi hata kama mvua ilikuwa inanyesha. Nilijihesabu mwenye nchi. Halafu naambiwa arobaini.

Mwenye restora ile alikuwa mjane wa makamo, wa zile familia za Kiislamu ambazo mababu zao walifika Kisangani na misafara ya biashara wakabaki. Kila mtu alimwita Mama. Restora yenyewe ilikuwa nguzo sita na mabati, kando ya njia iteremkayo kwa wavuvi. Hakukuwa na bia, kulikuwa na chai na maji ya tangawizi tu. Samaki aliletewa na wavuvi wa pale chini, ambao ni Wakristo. Ijumaa wao walimngoja amalize kusali, na Jumapili yeye hakuwaharakisha. Alikuwa akimfunga samaki kwenye majani pamoja na nyanya, kitunguu na pilipili, akamlaza juu ya makaa. Hiyo ndiyo liboke. Pembeni aliweka lituma, ndizi za kupika zilizopondwa mpaka zikawa kama donge la udongo mzuri. Sijawahi kula kitu kitamu kama kile, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi, kwa sababu nilijua ningerudi.

Nilimfuata jikoni nikamwambia kwa heshima kwamba mimi si mgeni, mimi ni Mukongomani kama yule baba fundi.

"Nimesikia," alisema. "Umetoka wapi?"

"Bukavu."

"Ulifika lini?"

"Juma lililopita."

"Bon," alisema. "Ni arobaini."

Fundi alicheka mpaka akapaliwa na mwiba, ikabidi nimpige mgongoni.

Miezi iliyofuata nilifanya kila niwezalo ili nishushwe. Siku ya kwanza nilikuwa nimeomba bugali, kama tunavyosema Bukavu, na nikadhani hilo ndilo kosa. Nikajifunza kuagiza lituma. Nikaacha viatu chumbani nikaja na kandambili. Nikajifunza Kilingala kidogo kwa mtoza nauli wa feri, nikasalimia benchi zima kwa Kilingala, na benchi zima likanijibu kwa Kiswahili. Kila nilipokula, nililipa arobaini, na kila mara Mama alikuwa na sababu. Mara nilisema tafadhali mara nyingi mno. Mara nilipuliza samaki kama mtu anayeogopa kuungua. Siku moja nilikuwa na hakika nimeshinda, nikauliza tu, kwa sauti ya mtu aliyezoea, leo samaki ni bei gani. Mama alitikisa kichwa akasema mtu wa hapa haulizi bei mbele ya kula.

Benchi lilifurahia sana. Fundi, wavuvi wawili na mama mmoja muuza makemba, yaani ndizi za kupika, walikuwa wakila pale karibu kila mchana, na naamini siku nyingine walikuja mapema ili wasikose kunisikia nikilalamika. Sikuwachukia. Mtu aliye peke yake mjini anashukuru hata kuchekwa, mradi wanaomcheka wanamsogezea nafasi akae.

Mwishowe nilichoka na ujanja, nikamuuliza Mama waziwazi kama haoni ni dhambi, chakula kimoja kuwa na bei mbili. Hakukasirika. Aliniketisha kwenye kigoda na kuendelea kupara samaki.

"Ule mwenye kushuka kwa meli anataka kiti, kitambaa na sahani ya udongo," alisema. "Anataka maji ya kuchemsha. Anapewa wa kwanza. Anapiga sufuria yangu picha, hata mimi mwenyewe hajanisalimia. Hawa wa benchi wanangoja, wanakula chenye kimebaki, na upepo ikibeba mabati, wanakuja na nyundo. Kumi na tano ni bei ya samaki. Ingine walishalipa zamani. Na wewe, ulishashika nyundo hapa?"

Nilisema hapana.

"Donc, arobaini," alisema, na kunipa kitunguu nimenye.

Maneno yale yaliniingia. Nilikuwa nimekuja na hoja ya uraia, naye alikuwa akizungumza juu ya mabati. Kwa hiyo mvua kubwa ya mwaka ule ilipong'oa upande mmoja wa paa, nilikuwa wa kwanza kufika, kabla hata ya wavuvi. Nilipigilia misumari siku mbili na kujiponda kidole gumba mara tatu. Halafu, kwa kuwa umeme ndio kazi yangu, nikamvutia waya na kumwekea taa mbili juu ya jiko. Mama alinishukuru sana, akaniombea dua. Nilijua kwamba safari hii nimefika.

Bahati mbaya, Jumapili iliyofuata walikuja wanajeshi wa kigeni.

Miaka ile mji ulikuwa na wanajeshi wa kofia za buluu, walioletwa kutoka nchi mbalimbali kulinda amani. Wale sita waliokuja kwa Mama walikuwa warefu, nadhifu, na hawakujua Kifaransa wala Kiswahili. Mimi nilikuwa nimeokota Kiingereza kidogo kwenye duka la Mhindi mmoja Bukavu aliyeleta vitambaa kutoka Uganda. Mama aliniita niwatafsirie. Nikawaeleza liboke ni nini, nikawaambia ni faranga arobaini, na nilisema bila kupepesa macho, kana kwamba nilizaliwa nikisema arobaini.

Mkubwa wao, sajenti mwenye masharubu mazito, alinishika bega na kunivuta kando. Alisema amekwisha kuibiwa kila mahali katika mji huu, na anataka nimwambie ukweli, mtu kwa mtu: mimi mwenyewe nalipa kiasi gani.

Nilikuwa nimemaliza kula. Nikatoa faranga zangu arobaini mfukoni, nikampa Mama mbele ya macho ya sajenti.

Sajenti alimtazama Mama, akanitazama mimi, akawaambia wenzake kwamba hatimaye wamepata nyumba ya watu waaminifu. Walikula samaki wawili wawili. Benchi zima lilikuwa limeinamia sahani, na mabega ya fundi yalikuwa yakitikisika.

Walipoondoka nilimwendea Mama, nikitabasamu. Nilisema nimepigilia mabati, nimeweka taa, na sasa nimemletea wateja. Alinitazama kwa huruma ya kweli.

"Nikikushusha, watarudi Jumapili ingine, na utasema uongo," alisema. "Mimi siwezi kukupeleka motoni kwa sababu ya samaki."

Ndivyo nilivyoendelea kulipa bei ya watalii, kwa ajili ya roho yangu. Ila kuanzia siku ile samaki wangu alikuwa akizidi kuwa mkubwa. Mkia wake ulitokeza nje ya majani, lituma ilikuja madonge mawili, na kama kulikuwa na kichwa cha kapiteni, yule samaki mkubwa wa mtoni, kililetwa kwangu bila kuulizwa. Wanajeshi walikuja kila Jumapili, na mara mbili sajenti aliwaleta watalii waliokuwa wakisubiri meli, akawaambia wamuulize yule kijana wa shati jeupe. Nilikuwa shahidi asiyeweza kushindwa, kwa sababu nilichosema kilikuwa kweli tupu.

Katika mwaka wa nne wa uhuru wanajeshi wale waliondoka nchini, na baada ya muda mfupi waasi wakaingia mjini. Sitasema mengi juu ya miezi ile. Walikuwa wakitafuta watu wa ofisi, kila mwenye tai na kalamu, na kwao mtu wa ofisi aliyetoka mbali alikuwa mbaya zaidi. Katibu wa ofisi yetu, mtu mpole aliyenifundisha kupanga mafaili, alichukuliwa nyumbani kwake, na hatukumwona tena. Nilijifungia chumbani siku mbili na kopo la maji. Asubuhi ya tatu nilipita nyuma ya nyumba za watu mpaka kwa Mama, na katika hofu yangu nilikuwa nimevaa kama kawaida, tai na yote.

"Vua hiyo kamba," aliniambia.

Daftari langu la mita aliliweka chini ya sufuria, likaivisha maharage. Alinivisha kanzu kuukuu ya marehemu mumewe, iliyoniishia juu ya vifundo vya miguu, na kunipa beseni la vyombo. Alisema nisiongee hata neno, kwa sababu nikifungua mdomo, Bukavu yote inatoka.

Mchana huohuo waliingia waasi watano. Mkubwa wao alikuwa kijana wa umri wangu, majani yamefungwa kichwani, bunduki mgongoni. Alikwenda moja kwa moja kwenye meza yenye kitambaa. Benchini walikuwapo walewale wa kila siku: fundi, wavuvi wawili, muuza makemba. Nilikuwa nimechuchumaa na beseni langu karibu na nguzo, na kosa langu lilikuwa miguu. Miaka mitatu ya soksi ilikuwa imeniacha na vifundo vya rangi nyingine, na kanzu ilikuwa fupi.

Yule kijana aliitazama miguu yangu kwa muda. Kisha akamuuliza Mama mimi ni nani. Mama alijibu kwamba ni mtu wa hapa, mtoto wake wa kazi.

Kijana alisema watu wote wanasema hivyo. Alieleza, kwa utaratibu kabisa, kwamba kabla ya vita aliwahi kuosha vyombo kwenye restora ya mji wao, na anajua vizuri kwamba kila restora ina bei ya wageni na bei ya wenyeji. Mwenye nyumba anaweza kusema uongo, alisema, lakini wanaokula kila siku wanajua nani analipa nini. Akageukia benchi.

"Huyu, akikula hapa, analipa ngapi?"

Niliendelea kusugua sahani ileile. Kwa miaka mitatu watu wale wanne walikuwa wamecheka faranga zangu arobaini. Hakukuwa na mzaha uliojulikana zaidi kwenye njia ile.

"Kumi na tano," alisema mvuvi wa kwanza, bila kuinua kichwa.

"Kumi na tano," alisema wa pili.

Muuza makemba alisema kumi na tano, na akauliza kwani angelipa ngapi. Fundi alimeza tonge lake kwanza, akajifuta mdomo.

"Kumi na tano kama sisi," alisema. "Na kila siku analalamika."

Yule kijana alicheka. Pengine restora ya kwao pia ilikuwa na mtu wa namna hiyo. Aliniacha na vyombo vyangu na kuagiza samaki kwa watu wake wote. Siku zile za kwanza walikuwa bado wanalipa, na walipomaliza aliuliza deni lao. Mama, ambaye mikono yake nilikuwa naiona ikishika sana kingo za sinia, alijibu kwamba ni arobaini kwa kila mtu.

Kijana aliuliza, kwa sauti ya chini, kwa nini.

"Mumeketi kwenye kiti," Mama alisema. "Niliwapa kitambaa. Samaki niliwachagulia mimi mwenyewe, hawa wengine walikuta yenye imebaki."

Alifikiri kidogo, akatazama kile kitambaa na lile benchi, na nadhani ni kweli alipendezwa kwamba kuna mahali anahesabiwa mgeni wa heshima. Alilipa yote. Alipotoka, Mama aliingia nyuma ya jiko, akakaa chini kwenye mchanga, na muuza makemba akaenda kumpepea na kawa la majani.

Nilibaki pale miezi yote ya uasi, nikiosha vyombo, nikipasua kuni, nikijifunza kufunga liboke bila majani kuchanika. Mtambo wa umeme wa Tshopo uliendelea kuzunguka, na mita za mji mzima zilijihesabia peke yake bila msomaji. Mama alinigombeza kila siku: moshi ni mwingi, majani ni mabichi, sahani ina mafuta, mtoto wa nani huyu asiyejua kushika kisu. Mwanzoni niliumia. Kisha niligundua kwamba watalii na wanajeshi hakuwahi kuwagombeza hata siku moja, ila fundi alimgombeza, na wavuvi pia, nikaanza kulala vizuri.

Ndege za jeshi zilipotua kwenye uwanja wa Simi-Simi na mji kurudi mikononi mwa serikali, kulikuwa na siku nyingi za milio ya risasi na za kuporwa. Mabati ya Mama yalikwenda yote, na meza na viti pia. Kilichobaki ni benchi, kwa sababu lilikuwa zito. Tulianza upya na majani ya mitende, nami nilikuwa na nyundo yangu. Kampuni ya umeme iliponiita tena kazini, nilikwenda kwa kandambili, kwa sababu viatu pia viliporwa, na mchana nikarudi kula. Nilipotaka kulipa, Mama alichukua kumi na tano, akanirudishia nyingine, akaenda kugeuza samaki. Benchi lilinisogezea nafasi, na kwa mara ya kwanza tangu nifike Kisangani nilikosa la kulalamikia.

Mwaka uliofuata njia ya Lubutu ilifunguka, na mama yangu mzazi akaja kutoka Bukavu kwa lori, aone kwa macho yake kama niko hai. Barua zilikuwa zimekatika kwa muda mrefu, na nyumbani walikuwa wamekwisha kuniombea misa. Siku ya pili nilimpeleka kula. Bei zilikuwa zimepanda kwa wote wakati ule, na Mzungu mmoja aliyekuja kupiga picha za mji baada ya vita alikuwa akilipa, mbele yetu, karibu mara tatu ya tulicholipa sisi. Mama yangu aliniuliza kwa nini, nikamweleza. Alikuwa mtu wa kumpa mgeni kitanda chake na kulala chini. Aliinuka, akaenda jikoni, akamwambia mwenye restora kwamba ni aibu.

"Kwetu mgeni anakula bure," alisema.

Mama aliweka mwiko chini. Niliogopa kuliko siku ya waasi.

"Na kwetu pia, akikuja nyumbani," alisema. "Hapa iko restora. Wewe umelala wapi?"

Mama yangu alisema kwa mwanawe, kwenye chumba kimoja, juu ya mkeka.

"Leo utalala kwangu."

Mama yangu alikwenda na mzigo wake mchana uleule. Alikuwa amepanga kukaa wiki mbili, akakaa saba. Mmoja alikuwa na tasbihi yake na mwingine rozari yake, na waliazimana pale kamba ya mmoja ilipokatika. Walibishana juu ya bugali na lituma mpaka wakaanza kupika vyote viwili, na wateja wa benchi walilazimika kuonja na kusema kipi kizuri, jambo la hatari. Kula, mama yangu hakulipa hata senti. Wiki ya tatu alichoka kukaa bure, akafunga kitenge kiunoni na kuanza kuhudumia.

Hakujua Kifaransa, kwa hiyo wageni aliwaonyesha bei kwa vidole. Siku moja meli ilileta watu kumi hivi, nami nilikuwa benchini. Nilimwona anakunja na kukunjua vidole mbele ya mzee mmoja wa Kizungu mwenye kofia ya jua, na mzee yule anafungua pochi na macho ya mshangao. Mama alitoka jikoni mbio, akiwa na unga mikononi, akamshika mama yangu vidole na kumkunjia vitatu.

"Mama, hapana," alimwambia. "Hiyo imepita kiasi."

Mama yangu alisema yule mzee alikuwa ameipiga sufuria picha mbili.